Kaimu wa Wiki Mbili Aliyekaa Miaka Ishirini na Saba

Fundi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28, saa tisa na nusu alasiri, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mitatu. Sita ya kwanza aliimaliza karakana, akitengeneza magongo, vitanda na meza za dawa. Ishirini na saba iliyobaki ameimaliza katika Chumba cha Tiba ya Sanaa, ambako alipelekwa kwa wiki mbili.

Wiki mbili hizo si maneno ya mtaani. Mimi ni karani wa masjala, na barua yenyewe nimeishika kwa mikono yangu: "Unateuliwa kukaimu nafasi ya Msimamizi wa Tiba ya Sanaa kwa muda usiozidi siku kumi na nne, hadi mtaalamu atakapowasili." Ina mihuri miwili. Mtaalamu aliyekuwa akisubiriwa alipata kazi kwingine, na hakuna aliyekumbuka kumwambia Fundi. Basi Fundi akaendelea kusubiri, na huku akisubiri akafanya kazi.

Nimeombwa niuandike wasifu huu kwa kuwa ndimi ninayepiga chapa ripoti zake. Walioniomba walisahau kwamba nimeolewa wiki saba zilizopita, na mwanamke wa wiki saba hapaswi kukabidhiwa kazi ya kumsifu mtu yeyote, maana siku hizi anaweza kulisifu hata kabati la mafaili. Mnivumilie. Nitajitahidi nilisifu kidogo tu.

Mtauliza kwa nini aliteuliwa seremala. Kumbukumbu za kikao zinatoa sababu mbili. Kwanza, chumba kilichotengwa kilipakana na karakana, na ufunguo ulikuwa kwake. Pili, ndiye mtumishi pekee aliyeonekana na penseli kila siku ya Mungu, ingawa penseli hiyo ilikaa juu ya sikio. Kwa vigezo hivyo hakuwa na mpinzani.

Akaanza kwa kutengeneza kibao cha mlangoni. Ofisi ilimpa maneno ya kuandika: "Chumba cha Tiba ya Sanaa, Ustawi wa Hisia na Kujitambua." Fundi alipima mlango, akapima maneno, akarudi kusema maneno yamezidi mlango kwa inchi tisa. Aliambiwa abane herufi. Alizibana, na mpaka leo wagonjwa wapya wakifika hapo huinamisha kichwa kama wanaosoma maandishi ya chupa ya dawa, kisha hukata tamaa na kuingia tu.

Kijitabu nacho kilikuja, chenye kurasa arobaini. Kinaeleza vizuri sana kwamba mtu anaweza kuchora kile ambacho mdomo umeshindwa kukisema, na kwamba hisia zikishakaa juu ya karatasi, mwenye nazo huweza kuzitazama kwa mbali kidogo, akazijua, akajijua. Fundi hakuwahi kukisoma. Alikiweka chini ya kopo la gundi lisichafue meza, na hapo kikamfaa kwa miaka kumi na minne.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa dereva wa lori. Alikuwa amepata ajali, mwili ukapona, lakini miezi minne mizima hakuwa ametamka neno. Siku ya tatu chumbani akachora nyumba: kuta, paa, madirisha mawili. Fundi alipita nyuma yake, akasimama, akaiona dosari ambayo seremala yeyote angeiona. Akamwambia, "Bwana mkubwa, nyumba nzuri, na paa limekaa sawa. Ila mlango uko wapi? Aliyemo ndani atatokaje?"

Dereva akainua uso, akasema, "Hakutoka." Kisha akaangua kilio.

Fundi akatoka mbio hadi wodini. "Matroni, njoo! Nimemharibu mgonjwa wa watu!" Matroni alifika, akavuta kiti, na dereva akaongea mpaka chakula cha mchana kikapoa. Alimsimulia habari za utingo wake, rafiki yake wa miaka tisa, aliyebaki ndani ya lori. Daktari akaandika kwenye faili: Mgonjwa ameanza kuongea. Tiba iendelee.

Faili hilo Fundi hakulisoma. Yeye alichobaki nacho ni mwanamume mzima aliyelia kwa sababu ya maneno yake. Matroni alimweleza, daktari alimweleza, dereva mwenyewe alimshika mkono siku ya kuruhusiwa. Haikusaidia. Tangu siku ile Fundi amekuwa na hofu moja isiyomtoka: kwamba mtaalamu wa kweli yuko njiani, na siku atakapofika atayafungua mafaili, atayasoma moja baada ya jingine, na kuhesabu watu ambao seremala amewaharibu.

Akiwa na hofu hiyo, akafanya kazi kwa miaka ishirini na saba bila kukosa siku, isipokuwa siku tatu alizougua jino.

Utaratibu wake haujabadilika. Hawaulizi watu wanajisikiaje, maana anaona ni utovu wa adabu kumwuliza hivyo mtu ambaye hamjazoeana. Humwachia mgonjwa karatasi, humpa penseli na rangi, huenda zake kupiga msasa fremu kwenye kona. Baada ya muda hupita kukagua. Macho yake ni ya karakana tu. Huona meza itakayoanguka, ngazi isiyo na kipago cha tatu, kitanda ambacho hakiwezi kupita kwenye mlango uliochorwa kando yake. Husema alichokiona, hurudi kwenye msasa wake. Basi. Na nyuma yake mtu hubaki akiitazama ile ngazi, na Fundi akiisikia kwikwi hukaza kupiga msasa huku mgongo umemsimama wima kwa woga.

Kulikuwa na mama mmoja, mshonaji, aliyefiwa na binti yake. Alikuwa halali, hatulii, mikono ikimtetemeka hadi sindano akaiacha. Kila siku alichukua karatasi akaipaka nyeusi. Akimaliza anapaka tena juu yake, na tena, mpaka karatasi inatoboka. Wageni waliotembelea chumba waliandika maelezo marefu juu ya weusi ule. Fundi yeye alimwuliza, "Mama, huu ni mkono wa ngapi wa rangi?" Mama akasema hajahesabu. "Basi ndiyo maana inabanduka. Unapaka juu ya rangi mbichi. Paka mkono mmoja, acha ukauke, kesho uje tuuone."

Mama akangoja. Siku ya kwanza alirudi mara nne kuigusa karatasi kwa ncha ya kidole. Fundi akamwambia aache kuigusa, ataacha alama. Siku ya pili alirudi mara moja. Siku ya tatu hakuhitaji kupaka tena. Alimwambia Matroni kwamba tangu msiba ule hakuwa amewahi kungojea kitu chochote bila kuogopa kesho. Siku hizi anashona, na ile karatasi nyeusi imetundikwa juu ya cherehani yake. Amenipa ruhusa niyaseme haya, kwa sharti kwamba niandike pia kuwa anapokea kazi za kushona sare za shule. Nimeandika.

Ripoti zake ndizo raha ya kazi yangu. Fomu ya kila mwezi ina safu mbili, "Hali ya hisia kabla" na "Hali ya hisia baada." Wengine hujaza maneno ambayo inabidi niyatafute kwenye kamusi. Fundi huandika: "Kabla: anaegemea. Baada: anasimama mwenyewe." Au: "Kabla: amekazwa mno. Baada: amelegea kidogo, tusimlegeze zaidi." Au, kuhusu mzee mmoja mkali aliyekuwa akitutukana sote masjala: "Kabla: hajapigwa randa. Baada: hajapigwa randa, lakini anajua." Daktari Mkuu aliwahi kuniambia kwamba ripoti hizo ndizo pekee anazozimaliza.

Sifa zake zilifika mbali kuliko alivyotaka. Mwaka mmoja aliitwa kwenye semina ya wataalamu aeleze mbinu yake. Alikataa, akalazimishwa, akavaa suti ya kuazima. Alisimama mbele ya watu sitini wenye shahada, na kwa kuwa hakujua kwamba ana mbinu, akaongea dakika arobaini kuhusu gundi: aina zake, muda wa kukauka, hatari ya kuvibana vipande viwili kabla havijawa tayari. Watu wakaandika mpaka kalamu zikaisha wino. Mwishoni mama mmoja akainua mkono, akauliza kwa heshima gundi hiyo hasa inawakilisha nini. Fundi akamjibu, "Gundi ni gundi, dada." Inasemekana ukumbi ulisimama kupiga makofi.

Alirudi akiwa mnyonge. Alidhani wamemcheka. Cheti walichompa kilikuwa kwenye fremu yenye kioo safi kabisa. Akakitoa kioo, akakikata, akazibia dirisha la chumba lililovunjika. Cheti chenyewe sijui kilipo. Dirisha liko pale, nendeni mkalione.

Nami nina deni langu la shukrani, nitalilipa kwa sentensi chache. Mume wangu (naomba niliandike tena, bado ni tamu: mume wangu) ni muuguzi wa zamu hapa hapa. Miezi mitatu kabla ya harusi Fundi alitukuta kwenye korido tukinuniana kuhusu nyumba. Akatuingiza chumbani, akatupa karatasi mbili, akasema kila mmoja achore sebule anayoitaka. Mimi nilichora mapazia. Mwenzangu alichora televisheni na kiti kimoja. Fundi akaja kukagua. "Bwana harusi, na huyu atakaa wapi? Juu ya pazia?" Mume wangu akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia jambo ambalo katika miaka miwili ya uchumba hakuwa ameniambia: kwamba amekulia kwenye nyumba ambayo hakuna aliyewahi kukaa na mwenzake. Nilimpenda mara ya pili hapo hapo, mbele ya kopo la gundi. Sasa tuna viti viwili. Mapazia bado.

Kisha, wiki tisa kabla ya Fundi kustaafu, mtaalamu akafika.

Ndiyo. Baada ya miaka ishirini na saba ya kusubiriwa, amekuja: dada wa miaka thelathini na mmoja, mwenye shahada mbili, mpole, mwenye daftari. Wakati barua ya Fundi inapigwa mihuri, alikuwa bado mtoto wa miaka minne. Asubuhi hiyo Fundi alinyoa ndevu mara mbili, akafagia chumba, akapanga penseli kwa urefu. Alipita masjala akaniambia, "Mwanangu, leo ndiyo leo." Alipomwona Mtaalamu mlangoni alisimama wima, akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Mtaalamu akaurudisha. Akasema angependa kwanza kukaa pembeni aone.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote katika historia ya chumba kile. Fundi, kwa kumwogopa aliyekaa pembeni, hakusema lolote. Alipita nyuma ya watu kama kivuli, akatazama, akaenda kwenye msasa. Wagonjwa wakaanza kunung'unika. Mzee mmoja mwenye mkono uliopooza alipiga meza kwa ule mwingine. "Fundi, kulikoni? Meza yangu imepinda tangu jana, wewe unaniangalia tu! Umenichoka?" Fundi akamtazama Mtaalamu kama mtu anayeomba ruhusa ya kupita. Mtaalamu akainamia daftari. Ndipo Fundi akasema, kwa sauti ya chini, "Haikupinda, mzee. Umeichora ukiwa umeegemea upande mmoja. Kaa sawa uitazame tena." Mzee akakaa sawa. Daftari la Mtaalamu likajaa siku hiyo.

Mwisho wa wiki ya tatu Fundi alishindwa kuvumilia. Alimfuata Mtaalamu, akamwambia yaliyokuwa moyoni mwake miaka yote ile. Alisema yeye hana elimu ya kazi hii, aliletwa kwa siku kumi na nne, na anaomba kitu kimoja tu kabla hajaondoka: mafaili yote yasomwe, aambiwe bila kufichwa ni watu wangapi amewaharibu.

Wengi wetu tungempiga begani na kumwambia aache mawazo. Mtaalamu hakufanya hivyo. Alikuja masjala siku ile ile akaomba mafaili. Ni mia nane na kumi na mawili. Nilimpelekea kwa toroli ya nguo, safari kumi na moja. Aliyasoma kwa wiki nne, kwa mengine akapiga simu, kwa mengine akaenda kugonga milango ya watu. Kisha akaandika barua kwa mkono, nikaipiga chapa, akaisaini, akaitia kwenye bahasha na kumkabidhi Fundi.

Hiyo ni siku kumi zilizopita. Bahasha haijafunguliwa.

Mwanzoni alisema hana miwani. Nikamletea miwani. Akasema mwanga ni hafifu. Akasema ataisoma nyumbani. Mkewe akanipigia simu: shati limefuliwa mara tatu, kila mara bahasha inatolewa mfukoni, inawekwa juu ya redio, inarudishwa mfukoni. Jumatatu nilimwuliza mwenyewe. Akanijibu, "Mwanangu, nisipoisoma nitabaki sijui. Kutojua nimekuzoea, naweza kustaafu nako. Kujua ndiko sikuwezi."

Nilikwenda kwa Mtaalamu kuomba ushauri. Akaniuliza, "Wasifu wa mstaafu husomwa kwa sauti, mbele ya watu wote?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi."

Fundi, tulia hapo ulipo. Matroni amesimama mlangoni, na unamjua. Nakala ya barua ninayo, na aliyeiandika ameniruhusu. Nasoma.

"Fundi wangu mpendwa. Uliniuliza ni wangapi umewaharibu. Nimesoma mafaili mia nane na kumi na mawili. Wapo waliopona, nao ni wengi. Wapo waliopona kidogo. Wapo waliorudi tena na tena. Wapo wawili tuliowapoteza, na najua unawakumbuka kwa majina, kwa sababu michoro yao umeihifadhi kwenye droo ya chini. Nimeyapitia mafaili yao mara tatu. Hakuna ulichosema ambacho mimi nisingekisema, na yapo uliyoyasema ambayo nisingeyafikia. Uliyemharibu sikumwona.

"Walilia, ni kweli. Walikuja hapa wakiwa na kilio hicho tayari. Wewe ulikuwa mtu wa kwanza aliyewauliza kuhusu nyumba.

"Asubuhi ile ulipotoka kidogo kwenda kwa daktari wa macho nilibaki peke yangu na wagonjwa. Nilimwuliza yule mzee mwenye mkono uliopooza anajisikiaje anapoutazama mchoro wake. Nilifundishwa kuuliza hivyo. Alinijibu: 'Dada, tangu niingie hospitali hii kila mtu ananitazama mimi. Fundi anaitazama meza yangu. Tukiitazama wawili, najiona, wala sioni haya.' Nimesoma miaka saba, Fundi, na hakuna aliyewahi kunieleza kazi yangu kwa maneno machache hivyo.

"Kosa nimeliona moja. Gundi inatumika kupita kiasi.

"Mwisho, naambatanisha karatasi. Nilichora usiku wa jana, na sijamwonyesha mtu. Nimeitazama mpaka macho yameuma, najua kuna kitu hakijakaa, na sikioni. Naomba unikagulie kabla hujaondoka."

Barua inaishia hapo.

Karatasi hiyo mimi sijaiona. Ilikunjwa na kutiwa kwenye bahasha nikiwa nimegeuka kuzima mashine. Imekaa kwenye mfuko wa shati lako siku kumi, Fundi, na aliyeichora ameketi safu ya tatu, anajifanya anapanga vikombe.

Tunakushukuru kwa vitanda, kwa magongo, kwa dirisha, kwa watu mia nane na kumi na wawili, na kwa kiti cha pili nyumbani kwangu. Wewe na mama watoto tunawaombea afya, usingizi mzuri na asubuhi ndefu zisizo na fomu. Nenda salama ukapumzike. Lakini si sasa hivi. Miwani hii hapa, na mwanga leo unatosha.